Bakteria huzaa peke yao, hupeana jeni hata na wageni

Nikiwa sekondari nilinakili kutoka ubaoni kichwa cha somo, "Uzazi wa bakteria", na chini yake mambo matatu: kugawanyika, kutengeneza spora, na konjugesheni. Mbele ya hilo la tatu kulikuwa na maelezo mafupi: uzazi wa kijinsi. Nikakariri, nikajibu mtihani, nikapata alama zangu. Ilinichukua miaka kugundua kwamba kati ya mambo yale matatu, moja tu ndilo uzazi.

Kipimo chake ni hesabu ya darasa la kwanza. Wahesabu kabla, wahesabu baada. Bakteria mmoja akigawanyika wanakuwa wawili. Huo ni uzazi. Akitengeneza spora, alianza mmoja na amebaki mmoja, ila amejifungia ndani ya ganda gumu. Kwenye konjugesheni wanakutana wawili na wanaachana wawili vilevile. Hakuna aliyezaliwa. Kilichotokea ni kwamba mmoja ameondoka na kitu ambacho hakuja nacho.

Shida inaanzia kwetu sisi. Kwa binadamu, mbuzi na mahindi, kuongezeka idadi na kuchanganya mbegu ni tendo moja. Mtoto hapatikani bila baba na mama kuchangia, kwa hiyo tunadhani mambo hayo hayatenganishiki. Kwa bakteria yametengana kabisa. Kuzaa ni kazi anayoifanya peke yake. Kupeana jeni, yaani maagizo ya kurithi yaliyoandikwa kwenye DNA, ni shughuli nyingine, inayoweza kufanyika siku yoyote ya maisha yake, na si lazima na ndugu wa ukoo. Hata mgeni asiye wa aina yake anafaa.

Tuanze na hilo la kuzaa, na sufuria ya maharage iliyosahauliwa jikoni. Saa tatu usiku yalikuwa mazuri. Saa moja asubuhi ukifunua unakuta povu jembamba juu, harufu ya uchachu, na ukichota kwa upawa mchuzi unavutika kama mlenda. Yamechacha. Hapo katikati zimepita saa kumi. Bakteria aitwaye E. coli, ambaye amechunguzwa kuliko wenzake wote, akipata chakula cha kutosha na joto la nyuzi 37 hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Wa kwenye maharage ni wa aina mbalimbali na wengi wana mwendo wa chini ya huo, lakini tuchukue huo kwa hesabu. Mara tatu kwa saa, mara 30 kwa usiku. Anza na mmoja, zidisha kwa mbili mara 30, utapata 1,073,741,824. Yule aliyedondoka na upawa amekuwa zaidi ya bilioni moja kabla hujapiga mswaki.

Angalia pia jinsi bilioni hiyo inavyofika. Saa tisa usiku, baada ya saa sita nzima, walikuwa 262,144 tu, na ungeonja usingehisi lolote. Saa kumi na mbili asubuhi walikuwa milioni 134. Saa moja ya mwisho peke yake ndiyo iliyowatoa milioni 134 hadi bilioni. Ndiyo sababu mtu huapa kwamba chakula "kilikuwa kizima sasa hivi tu", na hasemi uongo. Wangeendelea hivyo hadi saa tatu usiku, yaani siku nzima tangu waanze, uzito wao ungefika maelfu ya tani. Hawaendelei kwa sababu chakula kinaisha na asidi wanayoitoa wenyewe inawageukia.

Ndani ya seli mambo yanakwenda hivi. Bakteria hana kiini. Kwa kawaida jeni zake ziko kwenye uzi mmoja wa DNA uliounganishwa ncha kwa ncha kama kamba ya kitanzi, na huo ndio kromosomu yake. Wa E. coli una herufi, yaani vile viungo vidogo vinavyopangwa kuunda DNA, milioni 4.6 hivi, na ukiunyoosha unafika karibu milimita moja na nusu, wakati mwenyewe ana urefu wa sehemu mbili kati ya elfu za milimita. Uzi huo unanakiliwa kuanzia sehemu moja maalumu, mashine mbili zikielekea pande mbili za kitanzi hadi zikutane upande wa pili. Kisha katikati ya seli protini ndogondogo zinajipanga kuwa pete. Pete inabana kama mshipi, huku ukuta mpya ukijengwa nyuma yake, hadi seli inakatika mbili. Mama haonekani tena. Wamebaki mabinti wawili wanaofanana.

Hapo kuna fumbo ninalolipenda. Kila mashine ya kunakili hupitisha herufi kama elfu moja kwa sekunde. Fanya hesabu: kitanzi kizima kinahitaji dakika 40 hivi, na baada ya hapo dakika nyingine kama 20 za kutenganisha na kukata. Jumla ni saa nzima. Sasa anawezaje kugawanyika kila baada ya dakika 20? Jibu ni kwamba hasubiri. Kazi ya kunakili haijafika mwisho, nakala zile zile ambazo hazijakamilika zinaanza kunakiliwa tena. Binti anapozaliwa, DNA ya watoto wake tayari iko nusu njia, na ya wajukuu imeshaanza. Ni kama fundi wa kushona anayechukua kitambaa cha mteja wa tatu wakati wa kwanza hajamaliziwa vifungo, tofauti ikiwa kwamba huyu hachelewi sikukuu.

Si wote wenye haraka hiyo. Bakteria wa kifua kikuu huchukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja. Mgonjwa anayeambiwa kohozi lake limeoteshwa na majibu yatatoka baada ya wiki kadhaa asidhani maabara wanamzungusha. Wanasubiri kiumbe anayefanya kwa siku kile ambacho E. coli hukifanya kwa dakika. Wa ukoma ni mzito zaidi, huhitaji karibu wiki mbili.

Spora hazihitaji maneno mengi. Bakteria wachache, wakiwemo wale wa tetenasi na wa kimeta, wakiona hali imekuwa mbaya hukusanya DNA na vitu vya lazima ndani ya ganda na kuzima shughuli zote. Maji yanayochemka hayatoshi kuua spora nyingi. Ndiyo maana maharage yaliyotokota saa mbili yanaweza kuchacha hata kama hakuna upawa uliogusa. Kwa kuvu, kama ule ukungu wa mkate, spora ni mbegu na hutolewa kwa maelfu. Nadhani jina hilo moja ndilo lililowachanganya waandishi wa vitabu vyetu.

Basi kama kila mtu anazaa nakala yake mwenyewe, mabadiliko yanatoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni makosa ya kunakili. Mashine ile ni makini mno: kwa E. coli kosa moja linapenya katika migawanyiko kama elfu moja. Linaonekana dogo, lakini hadi kuipata ile bilioni yetu ya asubuhi yatakuwa yametokea makosa takriban milioni. Mengi hayana maana, mengine yanaua, na mara chache sana moja linamfanya mwenye nalo ahimili dawa. Kifua kikuu hutegemea njia hii tu. Hana desturi ya kupokea jeni za wengine, kwa hiyo kila usugu anautengeneza mwenyewe, kosa moja kwa dawa moja. Daktari anapompa mgonjwa dawa nne kwa pamoja anacheza na bahati hiyo: bakteria mwenye kosa linalomkinga na rifampisini anaweza kuwepo, mwenye linalomkinga na isoniazidi anaweza kuwepo, lakini mmoja kuwa nayo yote kwa mpigo ni jambo la nadra mno. Mgonjwa akiziacha njiani, au akinywa moja na kuacha nyingine, anampa adui nafasi ya kuvuka mlango mmoja mmoja.

Ujanja huo wa dawa nyingi haufui dafu mbele ya bakteria wanaopeana. Kwao usugu wa dawa tano unaweza kuingia kwa dakika chache, ukiwa umefungwa pamoja kama shada la funguo.

Aliyegundua kwamba kitu kama hicho kinawezekana hakuwa akikitafuta. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Frederick Griffith, alikuwa anachunguza bakteria wa nimonia. Alikuwa na aina mbili. Mmoja ana koti laini linaloteleza, na akidungwa kwa panya, panya anakufa. Mwingine hana koti, na panya hapati lolote. Griffith aliwapika wale wenye koti hadi wakafa, akadunga: panya mzima. Kisha akachanganya maiti za wenye koti na wasio na koti walio hai, vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake hakina madhara. Panya wakafa. Na kwenye damu yao akakuta bakteria hai wenye koti.

Wafu hawakufufuka. Walio hai walikuwa wameokota kitu kutoka kwa wafu, wakajifunza kushona koti, na watoto wao wakarithi ujuzi huo. Kitu gani? Ilichukua miaka 16. Mwaka 1944 Oswald Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty, wakiwa New York, waliuchuja ule urojo wa bakteria waliokufa na kuondoa kiungo kimoja baada ya kingine. Wakiharibu protini, ujuzi unaendelea kupita. Wakiharibu DNA, unakoma. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba jeni zimetengenezwa kwa DNA, zetu pamoja na za bakteria, na tuliambiwa hivyo na vidudu vya nimonia. Griffith hakuyasikia majibu. Alikufa mwaka 1941 kwa mabomu yaliyoangushwa London.

Njia hiyo ya kuokota DNA iliyomwagika inaitwa transfomesheni. Ya pili ni ile konjugesheni ya ubaoni. Mwaka 1946 Joshua Lederberg, kijana wa miaka 21, pamoja na Edward Tatum walichukua aina mbili za E. coli zilizolemazwa, kila moja ikishindwa kujitengenezea virutubishi fulani ambavyo nyingine inaviweza. Kila moja peke yake kwenye chakula duni ilikufa njaa. Walipozichanganya, kama mmoja kati ya milioni kumi akaota, akiwa na uwezo wa pande zote mbili. Je, waliokota au waligusana? Mwaka 1950 Bernard Davis alizitenganisha kwa mrija wenye umbo la U, katikati kukiwa na chujio linalopitisha maji na kuzuia bakteria. Hakuota hata mmoja. Lazima wagusane.

Anayetoa huwa na plasmidi, kitanzi kidogo cha DNA kilicho nje ya kromosomu. Kromosomu ni kitabu kikubwa cha kaya, kinachohifadhi kila kitu cha kuendeshea maisha. Plasmidi ni karatasi ya pembeni yenye maarifa ya dharura. Plasmidi za kuhama zinajiandikia zenyewe maagizo ya safari. Zinamfanya mwenyeji wake aote kinywele kirefu kinachomnasa jirani na kumvuta karibu kama ndoana. Kisha, kati ya nyuzi mbili zilizosokotana kuunda DNA ya plasmidi, mmoja unafunguliwa na kusukumwa upande wa pili, na kila upande unajaza uzi uliopungua. Mwishowe wote wawili wana plasmidi kamili. Aliyetoa hajapungukiwa, ametoa fotokopi. Na aliyepokea naye sasa anaweza kuota kinywele na kumnasa mwingine. Kwa hiyo neno "kijinsi" halikai vizuri hapa. Kama lazima tufananishe, ni uambukizo: plasmidi inaambukiza bakteria, kama bakteria wanavyotuambukiza sisi. Baadhi ya plasmidi hata zina jeuri ya kudumu. Zinatengeneza sumu isiyochakaa haraka na kiondoa sumu kinachochakaa upesi, hivyo binti atakayezaliwa bila plasmidi hubaki na sumu na kufa.

Njia ya tatu bakteria hawachagui kabisa. Wanashambuliwa na virusi wao, wanaoitwa faji. Faji anaingiza DNA yake, anaigeuza seli kuwa kiwanda cha kumzalisha, na mwisho anaipasua. Katika pilika za kufungasha, mara mojamoja kipande cha DNA ya bakteria kinaingizwa kimakosa kwenye ganda la faji, na faji huyo akimvamia mwingine anamletea mzigo usio wake. Norton Zinder na Lederberg walilieleza hilo mwaka 1952 na kuliita transdaksheni. Faji wengine hawapasui. Wanajichomeka kwenye kromosomu na kutulia humo kizazi hata kizazi. Bakteria wa dondakoo anadhuru kwa sumu aliyoletewa na faji wa namna hiyo. Wa kipindupindu vilevile: mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za ile sumu inayomkausha mgonjwa maji ni mali ya faji. Bila faji huyo, wengi wa ndugu zake baharini na mitoni hawaleti mlipuko wowote.

Wajapani ndio waliotangulia kuona maana ya haya wodini. Katika miaka ya 1950 walianza kupata wagonjwa wa kuhara damu ambao bakteria wao, Shigella, walikuwa sugu kwa dawa nne kwa pamoja: salfa, streptomaisini, kloramfeniko na tetrasaiklini. Kilichowashangaza ni E. coli wa kawaida waliokuwa matumboni mwa wagonjwa haohao. Nao walikuwa sugu kwa dawa zilezile nne. Walipowachanganya maabara usugu ukahama wote kwa pamoja. Haikuwa bahati ya makosa manne. Ilikuwa plasmidi moja.

Kwetu somo lilikuja na kipindupindu. Ugonjwa huo uliingia tena Afrika mwaka 1970 kutoka Asia, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 Tanzania ilipambana na mlipuko wake wa nne. Tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na pia kwa wazima kama kinga. Watu wengi wanazijua kapsuli za aina hii kwa jina la "rangi mbili", bila kujali ndani mna nini. Mtafiti Fred Mhalu na wenzake walikuwa wakipima vimelea kadiri mlipuko ulivyoendelea, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1979. Mwezi wa kwanza vimelea vyote vilikufa kwa tetrasaiklini. Baada ya miezi mitano ya kuitumia kwa wingi, asilimia 76 ya vimelea vilikuwa sugu.

Miezi mitano ni michache mno kwa makosa ya kunakili kufanya kazi hiyo yote, hasa kwa kuwa usugu ulikuwa wa dawa kadhaa kwa wakati mmoja. Wachunguzi walipoitazama DNA ya vimelea hivyo walikuta plasmidi za kundi linaloitwa C, zinazojulikana kwa kuhama kati ya bakteria wa aina mbalimbali wa matumboni. Hapo ndipo ile kinga ya wazima inapoonekana ilivyokuwa na sura mbili. Mtu mzima aliyemeza kapsuli hakuwa na kipindupindu, lakini tumbo lake lilikuwa na matrilioni ya bakteria wa kawaida. Dawa iliwafagia wanyonge na kuwaachia uwanja wenye plasmidi. Kipindupindu kikipita kwenye tumbo kama hilo kinakuta majirani wengi wenye kitu cha kutoa. Na kwa kuwa usugu uko kwenye shada moja, dawa moja tu inatosha kulinda funguo zote.

Ni vizuri kukumbuka kwamba anayemwokoa mgonjwa wa kipindupindu kwanza ni maji, yale ya chumvi na sukari au dripu. Antibiotiki hufupisha ugonjwa tu. Plasmidi haina usugu dhidi ya maji.

Mlipuko ukiisha, kimelea hakifi. Kinaweza kuishi kwenye maji ya mwambao na midomo ya mito, na mahali anapopapenda ni juu ya magamba ya kamba, kaa na vijidudu vidogo vya baharini, ambayo yametengenezwa kwa kitini. Mwaka 2005 ilibainika kwamba akiigusa kitini anaamsha mitambo yake ya kuokota DNA. Akiwa majini tu bila gamba, mitambo hiyo imelala. Miaka kumi baadaye, watafiti wa Uswisi walionyesha kwamba kitini hiyohiyo inaamsha na kitu kingine, aina ya mkuki uliobanwa ndani ya seli kama springi. Anamchoma jirani asiye wa aina yake, jirani anapasuka, DNA yake inamwagika juu ya gamba, na mchomaji anaivuta ndani.